SUKARI ILIYOJENGA KISIWA CHA MORISI

Mtu asafiriye katika kisiwa cha Morisi, akitoka bandari ya Port Louis kwenda vijijini, huona mashamba ya miwa yametanda mpaka chini ya milima. Ndani ya mashamba hayo huona pia jambo limshangazalo kila mgeni: marundo makubwa ya mawe meusi, yaliyopangwa kama kuta au minara, yamesimama katikati ya miwa. Mawe hayo yalitoka katika volkeno za zamani. Hapo kale yalikuwa yametapakaa juu ya ardhi, wala haikuwezekana kulima kabla ya kuyaondoa. Yaliondolewa kwa mikono ya watu. Kwanza watumwa, na baada yao vibarua wa mkataba, waliyaokota moja moja na kuyarundika, ili ipatikane nafasi ya kuchimba shimo la mua.

Kisiwa hicho kiko katika Bahari ya Hindi, kadiri ya maili 500 mashariki ya Madagaska, nchi ambayo wazee wa pwani waliiita Bukini. Ni nchi ndogo sana. Urefu wake haufiki maili 40, na watu wake ni kadiri ya milioni moja na robo. Walakini kwa muda wa zaidi ya karne moja nchi hiyo iliishi kwa mmea mmoja tu. Sukari ililipa mishahara, ikajenga barabara na reli, ikaleta watu kutoka mabara matatu, tena ikaleta ugomvi na vifo. Habari zake zafaa kujulikana na kila mkulima auzaye mazao yake kiwandani, awe ni mkulima wa miwa, wa chai au wa pamba, kwa maana swali lililowasumbua watu wa Morisi ndilo limsumbualo yeye pia: Je, mwenye shamba atapataje haki yake mbele ya mwenye kiwanda, na nchi itapataje haki yake mbele ya mnunuzi wa ng'ambo?

JINSI MUA ULIVYOFIKA

Mua si mmea wa asili wa Morisi. Hata watu hawakuwako hapo zamani. Mabaharia Waarabu na Wareno walikijua kisiwa, lakini hawakukaa. Waholanzi ndio waliofanya maskani kwanza mwaka 1638, na mwaka uliofuata wakaleta miwa kutoka Java. Waliondoka mwaka 1710, na Wafaransa wakaanza kukaa mwaka 1721. Gavana wao mashuhuri, Mahé de La Bourdonnais, aliyetawala kuanzia mwaka 1735, alihimiza kilimo cha miwa na kusimamisha kiwanda cha sukari.

Kazi hiyo ilihitaji watu wengi, nao walipatikana kwa njia ya utumwa. Wengi walitolewa Madagaska na Msumbiji, na wengine katika pwani yetu ya Afrika ya Mashariki. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja aliyeitwa Morice alifanya mapatano na Sultani wa Kilwa, apewe watumwa elfu moja kila mwaka. Basi katika damu ya watu wa Morisi wa leo imo damu ya watu wa bara la Afrika, nao ni miongoni mwa wale waliorundika mawe yaliyotajwa hapo juu.

Waingereza walikitwaa kisiwa mwaka 1810. Mwaka 1825 Serikali ya Uingereza iliondoa tofauti ya ushuru, na sukari ya Morisi ikaingia Uingereza kwa masharti yale yale ya sukari ya visiwa vya Amerika. Mara ile wenye mashamba waliacha mazao mengine, wakapanda miwa kila mahali. Ziko sababu nyingine zilizowavuta kuupenda mua. Kisiwa hupigwa na tufani kali, nazo huangusha miti ya matunda na kuharibu mazao mengi, lakini mua huweza kuinama mbele ya upepo, na mara nyingi huinuka tena.

Utumwa ulikomeshwa Morisi tarehe 1 Februari 1835. Watumwa zaidi ya elfu sitini walikombolewa. Bunge la Uingereza lililipa zaidi ya pauni milioni mbili kuwa fidia, lakini fedha hizo walipewa mabwana, si watumwa. Wale waliokuwa watumwa walilazimishwa kuwatumikia mabwana zao miaka michache zaidi kwa jina la uanagenzi, na walipokuwa huru kabisa mwaka 1839, wengi hawakutaka tena kuyaona mashamba ya miwa.

VIBARUA WA MKATABA

Wenye mashamba walikuwa wamekwisha kutafuta watu wengine. Tarehe 2 Novemba 1834 vibarua 36 kutoka Bara Hindi walishuka Port Louis katika merikebu iliyoitwa Atlas. Hao walikuwa mwanzo tu. Kati ya mwaka 1834 na 1920 karibu watu nusu milioni walifika bandarini hapo, katika kituo kiitwacho leo Aapravasi Ghat. Baadhi yao walipelekwa nchi nyingine, lakini wengi walibaki, na kufika mwaka 1861 Wahindi walikuwa zaidi ya nusu ya watu wote wa kisiwa. Mwaka 2006 kituo hicho kilitiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia, na siku ya 2 Novemba ni sikukuu ya taifa.

Kibarua alifunga mkataba wa miaka mitano. Ujira wake ulikuwa rupia tano kwa mwezi pamoja na posho ya chakula. Lakini ilikuwako desturi mbaya: mtu aliyekosa kazi siku moja alikatwa ujira wa siku mbili. Hivyo mgonjwa aliweza kufika mwisho wa mwezi akiwa hana kitu. Kwa sheria ya mwaka 1867, hata mtu aliyemaliza mkataba wake alilazimika kuchukua hati yenye picha yake, mfano wa kile kipande kilichojulikana sana Kenya wakati wa ukoloni. Aliyekutwa barabarani bila hati alikamatwa na polisi.

Mwaka 1871 watu zaidi ya elfu tisa walitia sahihi zao au alama zao katika maombi yaliyopelekwa kwa Gavana. Aliyewasaidia kuyaandika ni msimamizi mmoja wa shamba, Mzungu, jina lake Adolphe de Plevitz, naye alichukiwa sana na wenzake kwa tendo hilo. Tume ya Kifalme ilikuja kuchungua, na taarifa yake ya mwaka 1875 ilionyesha kwamba mengi katika malalamiko yale yalikuwa kweli.

MUA HAUNGOJI

Katika miaka iliyofuata bei ya sukari ilipungua, na wenye mashamba makubwa wakaona heri kuuza vipande vya ardhi, hasa vile vya pembeni na vyenye mawe mengi. Wahindi waliomaliza mikataba yao walivinunua kwa akiba ya miaka mingi. Ndipo alipozaliwa mkulima mdogo wa Morisi, mtu mwenye eka moja au mbili, alimaye pamoja na mkewe na watoto wake. Alikuwa amepata shamba, lakini hakuwa na kiwanda.

Hapa ni lazima kueleza tabia ya mua. Mkulima wa mahindi, akiona bei haimridhishi, huweza kuyatia mahindi ghalani na kungoja. Mkulima wa miwa hawezi. Mua ukishakatwa, utamu wake huanza kupungua, na ni lazima usagwe katika muda wa siku moja au mbili. Tena ni mzigo mzito: kadiri ya tani kumi za miwa hutoa tani moja tu ya sukari, kwa hiyo haufai kuchukuliwa mbali. Mkulima aliyesimama langoni mwa kiwanda na miwa yake imekatwa hana nguvu ya kubishana. Mizani ni ya mwenye kiwanda, bei hutajwa na mwenye kiwanda, na jua linazidi kuwaka juu ya miwa.

Mambo hayo ndiyo yaliyoleta msiba wa mwaka 1937. Wakulima wadogo walipenda aina ya mua iitwayo Uba, kwa kuwa ilistahimili ukame na ilikuwa na uzito mwingi. Wenye viwanda walisema kwamba Uba haina sukari ya kutosha, wakapunguza bei yake kwa sehemu 15 katika 100. Wakulima waliona kwamba wameonewa. Mwezi wa Agosti wakulima na vibarua waliacha kazi, mashamba yakachomwa moto, na watu kadhaa wakauawa kwa risasi. Miaka sita baadaye, tarehe 27 Septemba 1943, vibarua waliodai nyongeza ya mshahara walipigwa risasi na polisi huko Belle Vue Harel. Miongoni mwa waliokufa alikuwamo mwanamke mja mzito, Anjalay Coopen, ambaye jina lake limepewa uwanja mkubwa wa michezo wa nchi hiyo.

Baada ya machafuko ya mwaka 1937 Serikali ilitambua kwamba ugomvi wa namna hii hauwezi kumalizwa kwa bunduki. Idara ya Kazi iliundwa, na vibarua wakaruhusiwa kuunda vyama vyao. Kisha ikawekwa halmashauri ya kuamua baina ya mkulima na kiwanda, yenye mamlaka ya kuangalia mizani na kupima kiasi cha utamu katika miwa ya kila mtu. Tangu hapo mkulima hakuuza miwa yake kwa kukisia. Hulipwa kwa kadiri ya sukari iliyomo, na fungu lake limewekwa kwa sheria: sehemu 78 katika 100 za sukari ni za mkulima, na sehemu 22 ni za kiwanda kwa kazi yake ya kusaga.

Yako mengine yaliyomfaa mkulima. Tangu mwaka 1919 sukari yote ya kisiwa huuzwa na chama kimoja, kwa hiyo sukari itokayo katika miwa ya mwenye eka moja hupata bei ile ile ya tajiri. Mwaka 1946 ulianzishwa mfuko wa bima ya tufani na ukame. Kila mkulima hulipa kitu kidogo kila mwaka, na msiba ukitokea hulipwa. Faida yake ilionekana mwaka 1960, wakati tufani mbili, Alix na Carol, zilipokipiga kisiwa katika muda wa majuma machache, na mavuno yakashuka chini ya nusu ya yale ya mwaka uliotangulia. Mwaka 1948 ulianzishwa pia mfuko wa hali njema ya wafanyakazi wa sukari, nao ulijenga nyumba za mikutano katika vijiji vingi. Na mwaka 1953 ilifunguliwa taasisi ya uchunguzi wa miwa, iliyotoa mbegu mpya zenye kufaa nyanda za ukame na nyanda za mvua.

KISIWA MBELE YA MNUNUZI

Morisi ilipata uhuru tarehe 12 Machi 1968. Wakati huo sukari ilikuwa zaidi ya sehemu 90 katika 100 za mali yote iliyouzwa ng'ambo. Mtu akitafakari ataona kwamba hali ya kisiwa kizima ilikuwa sawasawa na hali ya mkulima mdogo langoni mwa kiwanda. Kilikuwa na mzigo mmoja tu wa kuuza, na bei ilitajwa na mwingine. Mtaalamu wa uchumi wa Kiingereza, James Meade, alikuwa ameonya mwaka 1961 kwamba watu wanaongezeka upesi na mua hautaweza kuwalisha wote.

Kwa bahati njema dawa iliyotumika nyumbani ilipatikana pia ng'ambo, nayo ni mapatano. Mwaka 1951 nchi za Jumuiya ya Madola zilikuwa zimepatana na Uingereza juu ya kiasi cha sukari na bei yake. Mwaka 1975, kwa mapatano ya Lomé, nchi za Ulaya ziliahidi kununua kila mwaka kiasi maalumu cha sukari kutoka nchi za Afrika, Karibi na Pasifiki, na Morisi ikapata fungu kubwa kuliko zote, kadiri ya tani 500,000. Bei yake mara nyingi ilizidi sana bei ya soko la dunia.

Serikali ya Morisi haikuzila fedha hizo zote. Ilitoza kodi juu ya sukari iliyouzwa nje, na kodi hiyo ilisaidia kulipia hospitali, malipo ya uzeeni na shule. Tangu mwaka 1977 elimu ya sekondari hutolewa bila ada. Wenye mashamba nao walitia sehemu ya faida katika viwanda vya nguo na hoteli za watalii. Mwaka 1970 ilikuwa imetungwa sheria ya kuvuta viwanda vya kuuza bidhaa nje, na kabla ya mwisho wa miaka ya 1980 bidhaa hizo zilikuwa zinaleta fedha nyingi kuliko sukari. Wajukuu wa waliochimba mashimo ya miwa wakawa washona nguo, waalimu, makarani na waganga.

BEI ILIPOANGUKA

Akiba hiyo ilifaa, maana siku ya shida ilifika. Kati ya mwaka 2006 na 2009 Umoja wa Ulaya ulipunguza bei ya sukari kwa sehemu 36 katika 100, na mapatano ya zamani yakakoma mwaka 2009. Nchi iliyozoea bei ya ahadi iliingia katika soko la wazi.

Watu wa Morisi walikuwa wamekwisha kuanza kujitayarisha. Viwanda vilivyokuwa zaidi ya 200 katikati ya karne ya kumi na tisa vilikuwa vikiunganishwa kidogo kidogo, na sasa vimebaki vitatu vikubwa. Maelfu ya wafanyakazi waliombwa kustaafu kwa hiari, nao walipewa fedha pamoja na kipande cha ardhi. Badala ya kuuza sukari ghafi tu, kisiwa kilianza kusafisha sukari nyeupe, na kutengeneza kwa wingi sukari za rangi na harufu za namna mbalimbali, ambazo wanunuzi wa Ulaya na Marekani huzilipia bei nzuri. Sukari yake nyingine huja mpaka Kenya.

Tena walijifunza kutotupa kitu. Makapi ya miwa, yaani yale mabaki makavu baada ya kukamua maji, huchomwa katika matanuri makubwa ili kutoa umeme. Jambo hilo lilianza mwaka 1957, wakati kiwanda kimoja kilipouza umeme wake wa ziada, na sasa kadiri ya sehemu moja katika kumi ya umeme wa kisiwa hutoka katika makapi. Wakati usio wa mavuno mitambo hiyo huchoma makaa ya mawe, na kupunguza makaa hayo ni kazi ambayo haijamalizika. Molasi nayo hufanywa spiriti na pombe kali. Mkulima hulipwa kwa molasi na kwa makapi pia, kwa sababu ni mali iliyotoka katika shamba lake. Na tangu mwaka 1994 wakulima na wafanyakazi wamekuwa na hisa katika kampuni za viwanda, kwa njia ya shirika lililoundwa kwa ajili yao.

LILILOBAKI

Isidhaniwe kwamba shida zote zimekwisha. Mavuno ya mwaka 1973 yalikuwa tani 718,000 za sukari. Miaka ya karibuni yamekuwa kadiri ya tani 230,000 tu. Wakulima wadogo, ambao zamani walizidi elfu thelathini, wamepungua wakawa chini ya nusu. Wengi ni wazee. Mashamba yamegawanywa baina ya warithi mpaka mengine hayafai kulimwa kwa mashine, na vijana waliosoma shule za bure hawataki kushika panga. Mashamba mengine yameachwa, na vichaka vinaota mahali ambapo babu zao waliondoa mawe kwa mikono.

Hata hivyo, kazi ya mua haikuwa bure. Mmea ulioletwa kwa faida ya wachache ulilea taifa la watu wa asili nyingi, wenye Bunge, shule na hospitali. Lakini haukufanya hivyo wenyewe. Utamu wa sukari ulienea kwa watu wengi pale tu ilipowekwa mizani ya haki, na mwamuzi asiyeegemea upande mmoja, na chama kimoja cha kuuza, na bima ya siku mbaya, na akiba ya kuanzisha kazi nyingine. Mahali pasipo mambo hayo, mkulima hukata miwa yake na kungoja malipo huku watoto wake wakirudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Hakuna haja ya kwenda mbali kuwaona wakulima wa namna hiyo.

Wazee walisema kwamba mkulima ni mmoja, walaji ni wengi. Walaji wa sukari ni wengi mno: mwenye kiwanda, mchukuzi, mfanya biashara, Serikali yenye kutoza kodi, na kila anywaye chai asubuhi. Si vibaya wote wakila. Lakini mkulima asipoachiwa fungu lake, atauacha mua, na walaji wote watabaki na vikombe vichungu.